Mrija Uliopitiliza Siku Zake

Kule kwa dobi walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kutwa alisimama mbele ya meza ileile, mvuke ukimpanda usoni, akinyoosha mashuka ya hoteli mpaka yakose hata mkunjo wa kusingiziwa. Maji hakunywa. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, ufunguo anao msimamizi, na msimamizi alikuwa mtu wa kukutazama ukitoka kama vile umemwibia. Mama Pasi aliona heri kiu kuliko jicho lile.

Basi jiwe likamwota kwenye figo ya kushoto. Lilipomshika mara ya kwanza, aligaagaa sakafuni kama mwenye uchungu wa uzazi. Hospitali wakamwekea mrija mwembamba ndani kwa ndani, kutoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, ili mkojo upate pa kupita. Arudi baada ya miezi michache, wakamwambia, jiwe livunjwe na mrija utolewe. Ukiachwa sana, wenyewe nao huota mawe.

Kusahau hakusahau. Maumivu yalipotulia tu, mambo mengine yakatangulia. Mama mkwe alianguka bafuni akavunjika nyonga, ikawa ni kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, analala mchana, anatoka jioni, wakipishana mlangoni kama wapangaji. Kila siku aliyopanga kwenda hospitali iliingiwa na jambo. Mwaka ukakatika, mwingine ukaingia. Akikojoa anachomwa, na mkojo mara nyingine una rangi ya chai. Akajiambia ni uchovu. Uchovu ndio ulikuwa jibu lake la kila kitu.

Asubuhi moja, shuka likiwa mezani, baridi ilimwingia hadi kwenye mifupa. Pasi inafoka mvuke, wenzake wanajipepea, yeye meno yanagongana. Akataka kumalizia upande mmoja uliobaki. Mkono ukakataa.

Aliyemfikisha hospitali ni wifi yake, dada wa mumewe, muuza mitumba mwenye mdomo usio na breki. Njia nzima alimshikilia asianguke, huku akimsema.

"Ungekufa wewe, nani mwingine angenivumilia kwenye ukoo huu? Kaka yangu hata kugombana hajui."

Mama Pasi alitaka kucheka, ubavu ukamkata pumzi.

Walipompiga picha, daktari, mwanamke mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliwageuzia kioo cha kompyuta waone. Mrija ulikuwa umevikwa mawe juu na chini, haupitishi kitu. Nyuma yake figo imejaa usaha, na sumu yake imeshaingia kwenye damu.

"Nikivunja mawe leo nitakuua, mama," alisema daktari. "Kwanza usaha utoke. Nitakutoboa mgongoni niweke bomba la kuutiririsha. Presha yako imeshuka mno, hatuna muda wa kubishana."

"Nani anabisha?" alijibu wifi. "Toboa."

Siku zilizofuata zilimfikia kama mazungumzo ya chumba cha pili. Alikumbuka dripu, na mfuko kando ya kitanda ukijaa kitu kizito kama maziwa yaliyoharibika. Alimkumbuka mumewe, kwenye sare yake ya ulinzi, amekaa wima kwenye stuli, amelala.

Homa ilipokata, wakapima tena. Daktari akaja na majibu: figo ile ilikuwa imekwisha, haichuji chochote. Ingebidi itolewe pamoja na mrija wake.

"Na ya pili?" mumewe akauliza.

"Inafanya kazi. Lakini sasa ndiyo hiyo hiyo, itunzwe kama mboni ya jicho." Akamgeukia mgonjwa. "Una swali, mama?"

"Mkishaitoa, nitalazwa muda gani?"

"Kama wiki hivi."

"Sawa," alisema Mama Pasi, akaona aibu, maana kilichompanda kifuani hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu. Wiki nzima hakuna wa kumwamsha.

Mumewe aliiona ile nafuu usoni mwake. Daktari alipotoka, alikaa akiizungusha kofia yake mikononi.

"Nilikuwa nakuona unavyochoka," akasema. "Nikawa najiambia, hata mimi nimechoka."



Upasuaji ulikwenda salama. Wifi alimchukua mama yake aliyevunjika nyonga akakae kwake, kwa kelele nyingi za kujisifu. Mama Pasi aliporudi kazini alipewa meza ya kukunja nguo, mbali na mvuke, na akawa anakunywa maji na kwenda chooni bila kumwangalia mtu.

Halafu, siku moja kliniki, daktari akaona kichembe cha jiwe kwenye figo iliyobaki. Kidogo kama punje ya mchanga.

"Tutakuwa tunakiangalia. Uwe unakuja nikikuita, na maji usiache."

"Yaani hii haiishi?"

"Haiishi, mama. Tunaishi nayo."

Nje, akamweleza wifi yake aliyekuwa akimsubiri. Safari hii wifi hakuwa na utani. Akampokea mkoba, akapangusa vumbi kwenye ngazi ya saruji.

"Kaa kwanza," akasema. "Nyumbani hapakimbii."

Mama Pasi akakaa.