Msalaba Usio na Kasha

Ukitaka kujua kama nishani ni ya kweli, anza na kasha lake. Hilo Eckart Ruhland alifundishwa na marehemu baba yake, sonara Alwin, katika duka lilelile la mjini Kassel, Ujerumani, ambalo sasa lilikuwa lake. Mzee alilirudia somo hilo kwa ukali ambao mwanawe hakuwahi kuuelewa.

Ijumaa moja ya Novemba, mvua ikinyesha, aliingia Bibi Irmgard Tewes, ajuza wa miaka sabini na kitu, mkoba ameukumbatia. Alikataa kahawa kabla hajakaribishwa.

"Sikuja kunywa, Bwana Ruhland. Shemeji yangu kampa mtu wa mnada autazame msalaba wa baba yangu, eti ni bandia. Sasa kila tukikaa mezani ananiuliza baba yangu aliununua duka gani. Baba alikufa vita vya kwanza, mimi bado nanyonya. Sina kingine chake. Keshokutwa ni Jumapili ya Wafu, naenda kaburini kwa mama. Nataka nijue nitamwambia nini."

"Mama yako aliwahi kuutilia shaka?"

"Mama alikuwa akiubusu kila usiku. Shaka angeipata wapi?"

Eckart akalifungua kasha alilolitoa bibi mkobani. Lilikuwa jeusi, limepauka pembeni, lakini ni la kweli. Ndani, Msalaba wa Chuma, nishani ya vita ya Wajerumani, ulilala juu ya mahameli. Akauinua. Mahameli yalikuwa yamebonyea kwa miaka mingi, na pale pini ilipokaa palikuwa na mfuo uliopinda kidogo. Pini ya msalaba ule ilikuwa imenyooka kama rula.

Akaleta sumaku. Msalaba haukutikisika, na wa kweli una chuma moyoni. Akachukua lenzi, akatazama chini ya bawaba ya pini. Alama za tupa zililala upande usio wake, upande wa fundi anayetumia mkono wa kushoto. Alizijua. Zilikuwa kwenye kila kijiko alicholishiwa utotoni, kazi ya baba yake.

"Uliwahi kupelekwa kwa fundi?" akauliza, ingawa hakutaka kujibiwa.

"Mara moja tu. Ile baridi ya njaa, baada ya vita vya pili. Pini ililegea, mama akaupeleka kwa sonara mmoja, muungwana sana, hakumtoza hata senti."

Baridi ile askari wa kigeni walikuwa wakitoa mafuta na kahawa ili wapate misalaba ya kupeleka kwao. Ila walitaka na kasha lake. Baba alibadilisha msalaba, akamrudishia mjane kasha. Akabaki na kitu alichoiba, hakiuziki. Kumbe ndipo alipojifunza lile somo.

"Nipe dakika moja, Bibi Tewes."

Akalichukua kasha na msalaba wake, akaingia chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na droo ambayo haikuwa ikifungika sawasawa tangu mzee afe. Ukiisukuma jioni, asubuhi unaikuta imejitoa upana wa kidole. Ndani yake ulikuwamo msalaba mmoja tu, pini imepinda. Siku ya mwisho mzee alimshika mkono akasema, "Usiuuze. Kasha lake litakuja." Eckart alidhani ni homa.

Akautoa, akauweka kwenye mahameli ya kasha la bibi. Pini ikaingia kwenye mfuo wake bila kusukumwa. Eckart aliogopa, kwa kweli aliogopa, mtu mzima peke yake mchana kweupe. Ule bandia akautia mfukoni, akarudi dukani.

"Ni wa kweli. Mwambie shemeji yako atafute la kufanya."

Bibi akalifungua kasha, akaupitishia msalaba kidole gumba.

"Huu sio niliokuletea."

"Bibi..."

"Usinifanye mtoto. Ule nimeusafisha kila Jumapili, miaka yote hii. Mkono wangu unaujua. Huu umeutoa wapi?"

Angeweza kudanganya. Alishaanza.

"Yule sonara muungwana," akasema, "alikuwa baba yangu." Akamweleza yote, amesimama.

Bibi hakulia wala hakumtukana. Aliuweka msalaba shavuni. "Kwa hiyo baba hakudanganya."

"Hakudanganya. Wangu ndiye mwongo."

Akalifunga kasha, akalitia mkobani, akaenda hadi mlangoni. Kisha akarudi, amenyoosha kiganja.

"Na ule ulio mfukoni mwako."

"Ule ni bandia, bibi. Ni aibu yangu. Niachie niuyeyushe."

"Mama alikata roho ameushika ule. Huu ni wa baba, ule ni wa mama. Nipe."

Eckart akampa. Bibi alipoondoka, Eckart alirudi chumba cha nyuma akaisukuma ile droo, sasa tupu, mpaka ikagota. Aliondoka akiamini mzee amepumzika. Asubuhi aliikuta wazi, upana wa kidole, kama siku zote.