Anayegonga Anaachiwa

Mume wangu hajawahi kuwa mwigizaji mzuri. Nasema hivi nikiwa nimemfulia, nimemshonea na nimemlisha miaka yote ya umaarufu wake, kwa hiyo mnisamehe. Akilia kwenye filamu, anaonekana kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni. Lakini mpe mtu wa kumpiga, hapo watazamaji wanapanda juu ya viti. Kwenye mabango wanamwita Radi. Mabango hayasemi kwamba Radi bila mtu wa kuanguka ni kelele tu.

Mtu wa kuanguka alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, ambaye sote tulimwita Mpira. Alianguka kwenye ngazi, kwenye vioo, juu ya maboneti ya magari, kisha akainuka akijikung'uta na kuuliza chai iko wapi. Ngumi za Radi zilikuwa kali kwa sababu Mpira alijua kuzipokea, na wenyewe walilijua hilo.

"Shemeji," kaka yangu alikuwa akimtania, "siku nikigoma kuanguka utarudi kufundisha watoto mazoezi ya viungo."

Mume wangu alikuwa akicheka, ila si sana.

Wote wawili walitoka mikononi mwa baba. Baba alikuwa na ukumbi wa judo nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mikeka yake viraka vitupu. Viraka hivyo nilivishona mimi, ndiko nilikojifunzia sindano. Na huko huko nilijifunza kupinda mkono wa mtu mpaka atulie, maana baba hakubagua binti na mwana. Mume wangu alikuja pale akiwa kijana mwembamba, shingo kama ya kuku wa kienyeji, akawa bingwa, akabeba vikombe, mwishowe akanibeba na mimi.

Baba alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Ukipigwa kabali na pumzi inakuishia, gonga mkeka mara mbili, upesi, pumzika, gonga tena. Anayegonga anaachiwa. Hata awe amekutukania mama yako, anaachiwa. Mwanafunzi mmoja alichelewa kidogo tu kuachia. Baba alimwonyesha mlango, na hakumruhusu kurudi mpaka baba mwenyewe anaingia kaburini.

Filamu zilitujia kwa mlango wa nyuma. Walitafuta mtu wa kuruka paa badala ya mwigizaji mkubwa, mume wangu akaruka. Mwigizaji mkubwa alipoanza kuogopa hata kukimbia, nafasi yake ikaenda kwa mrukaji. Naye hakuwa mchoyo, akamvuta shemeji yake, na mimi nikaingia kama mshonaji. Tukawa familia inayokula kwa kupigana.

Ila umri haumbembelezi mtu. Goti la mume wangu lilianza kulia kama bawaba, na mashabiki wakasema Radi siku hizi ni manyunyu. Ndipo ikaja filamu ya kumrudisha juu. Alijua ikianguka, inaanguka naye.

Mwisho wake uliandikwa hivi: Radi anampiga kabali adui, ambaye ni Mpira, adui anagonga sakafu kuomba aachiwe, Radi anamwambia, "Hapa hakuna mkeka," kisha anazidi kukaza mpaka mtu analegea. Nilipousoma nilimwambia mume wangu kwamba baba angewatimua wote.

"Mama, ni mchezo tu," akanijibu.

Kwa kuwa kugonga kulikuwa sehemu ya mchezo, walihitaji alama nyingine. Walipatana kwamba Mpira akizidiwa kweli, amfinye mwenzake paja. Walipatana mbele yangu, nikiwa na pini mdomoni, nikimpunguzia kaka yangu suruali.

Tulipigia picha kwenye ghala tupu la saruji, vumbi mpaka kwenye kope. Mwongozaji alikuwa kijana wa miwani ambaye sidhani amewahi kupigwa hata kofi. Kila wakirudia, hakuridhika.

"Mnabembelezana," alisema. "Mimi nataka niamini."

"Kaza bwana, shemeji," Mpira akasema. "Unanitekenya."

Akakaza. Kaka yangu akagonga kama alivyoagizwa: kiganja wazi, polepole, kamera ipate kuona. Mume wangu akasema neno lake. Kamera ikasogea. Halafu kugonga kukabadilika. Mbili, upesi. Kimya. Mbili, upesi.

Mazoea yana taabu. Mkono wa mtu anayekosa pumzi haukumbuki mapatano ya asubuhi, unakwenda ulikozoea. Nilikuwa nyuma ya taa, nikapiga kelele nikimwita mume wangu kwa jina la nyumbani, nikakimbia. Mtu wa sauti alinishika mkono, akidhani nimerukwa na akili. Nilipojinasua nikamfikia mume wangu na kumvuta nywele, alinitazama kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi. Kaka yangu hakuinuka wala hakujikung'uta.

Hospitalini tuliambiwa mshipa wa shingo ulichanika kwa ndani, damu ikaganda na kuziba njia ya kwenda kwenye ubongo. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda nao.

"Hakunifinya," mume wangu alisema pale kwenye benchi.

"Aligonga."

"Kugonga kulikuwa kwenye mchezo."

"Kugonga kwa kwanza, ndiyo. Kwa pili kulikuwa kwa baba."

Aliangalia viatu vyake. Nilimsubiri aseme kwamba hakusikia. Ningemwamini, haki ya Mungu, nilitamani kumwamini. Hakusema.

Mpira sasa anakaa kwetu, chumba cha mbele, kitanda dirishani. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemnyoa, ninayemfuta mdomo. Mkono wa kushoto bado unafanya kazi. Akitaka maji anagonga ubao wa kitanda, mbili, upesi. Akitaka kugeuzwa, hivyo hivyo. Mume wangu akisikia tu, anakumbuka ana shughuli nje. Bingwa mzima anakimbizwa na ubao.

Mimi nililitaka jambo moja tu, kile kipande kisionyeshwe. Nilimwambia mume wangu kwamba kaka yangu ameshaanguka mara nyingi vya kutosha mbele za watu. Akaingia chumbani mwenyewe, akaketi kitandani, akaushika ule mkono uliokufa.

"Hakitaonekana, shemeji," akasema. "Nimewaambia kikionekana, mimi simo."

Kaka yangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akagonga mara moja, kitu ambacho kwetu hakina maana. Nilichukulia ni ahsante. Moyo wangu ukapoa kidogo, nikamshonea mume wangu koti la uzinduzi.

Ukumbi wa sinema ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Walimpigia makofi akiingia, akapunga mkono. Lakini kadiri filamu ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kutafuna kucha, na karibu na mwisho akaninong'oneza.

"Mama, kichwa kinaniuma. Twende."

Kwenye skrini likatokea ghala. Nikaiona suruali niliyoipunguza.

"Walinizidi nguvu," akasema. "Walisema bila kipande hiki hakuna filamu, na bila filamu..."

Hakumalizia. Akawa anainuka. Nikamdaka kifundo cha mkono, nikakipinda kwa ndani kama baba alivyonifundisha, akarudi kitini taratibu.

Tukatazama. Kiganja wazi, polepole. "Hapa hakuna mkeka," akasema Radi, mkubwa kuliko nyumba, na watu wakashangilia. Halafu mbili, upesi. Kimya. Mbili, upesi. Sauti ya kugonga walikuwa wameiongeza, ilitikisa viti. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu akamwambia mwenzake, "Huyu jamaa anajua kuigiza." Picha ilikatwa pale kivuli changu kilipoanza kuingia pembeni, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Sisi wawili tu tulibaki tumekaa. Nilikuwa nimemkaza kuliko nilivyodhani. Mume wangu alinigonga goti kwa mkono wake wa pili. Mbili, upesi. Akapumzika. Akagonga tena.

Nilisikia. Taa zikawaka, watu wakaanza kujipenyeza kwenye safu yetu wampe Radi mkono, na mkono wake nilikuwa nao mimi.