Namba Ilivyohama na Mkeka Wake

Usiku wa jana niliota, lakini kabla ya ndoto ieleweke jambo moja: Njombe nzima hakuna boliti lililowahi kunishinda. Shemeji Mlelwa, mume wa dada yangu Eda, ndiye pekee asiyeamini. Nilimwambia namba ya pikipiki yake inaning'inia chini ya taa kama ulimi wa mbwa, aniachie niihamishie ubavuni mwa tairi, ikae kijana.

"Shemeji," akasema, "kesho naanza kibarua cha kupeleka maziwa. Trafiki akinikuta bila namba, kibarua kimeota nyasi. Usiguse."

Basi nikalala bila kugusa. Nikaota nagusa.

Nimechuchumaa uani, jua linawaka. Naweka spana namba kumi kwenye boliti. Haigeuki.

"Vipi?" naiuliza.

"Mimi namba, yule namba," spana inajibu. "Ndugu hatufunguani. Mwite plaizi, yeye si wa ukoo wetu."

Naleta plaizi. Boliti linalegea. Namba inashuka yenyewe, taratibu, ina mkeka kwapani na sufuria mkononi.

"Mbona na vyombo?"

"Si umesema unanihamisha? Ulitaka nihame mikono mitupu kama niliyefumaniwa? Huko ubavuni jirani yangu nani?"

"Mnyororo."

"Mnyororo ana kelele, namjua. Na matope?"

"Kidogo."

"Kidogo!" inaiambia taa ya nyuma. Taa inaanza kulia, nyekundu.

Tukiwa kwenye mabishano hayo, naona majani mabichi yamechomoza kwenye kiti cha pikipiki. Kibarua cha shemeji kimeanza kuota nyasi. Nang'oa moja, zinaota mbili. Nang'oa mbili, tanki limefunikwa.

"Fanya haraka, nakusihi," naiambia namba.

Inakunja upya mkeka ambao tayari umekunjwa.

Nainama kuokota boliti. Nikiinuka, sipo uani tena. Ni soko la viazi. Na pikipiki, kwa kuwa haina namba, haijui ni ya nani. Inamwendea kila mtu.

"Shikamoo. Ni wewe mwenye mimi?"

"Marahaba. Siyo mimi," anasema mzee wa majembe.

Mama mmoja muuza viazi anaikagua matairi, anaisalimu kikwetu. "Kamwene, mwanangu. Kama huna mwenyewe, nina gunia hapa la lumbesa, limejaa mpaka limepigwa kilemba."

"Ndiyo, mama," inaitika. Inabeba, inaondoka naye, nyasi zinapepea kitini.

Nakimbia. Namba kwapani, sufuria inanigonga mbavu. Kadiri ninavyokimbia ndivyo soko linavyorefuka, na viazi navyo vinakimbia, ila vinaelekea nilikotoka, na vinanisalimia kwa haraka bila kungoja jibu.

Trafiki anasimama mbele yangu. Sare nyeupe imenyooka vizuri. Juu ya kola hakuna kichwa, kuna helmeti tupu.

"Hiyo namba inakaa wapi?"

"Ndiyo inahama, afande."

"Namba hukaa nyuma."

"Nyuma ya nini, afande? Pikipiki imekwenda."

Helmeti inawaza. "Sheria imesema nyuma. Haikusema nyuma ya nani. Geuka."

Nageuka. Spana namba kumi inatoka mfukoni mwangu mbiombio.

"Wewe si ulikataa?" naiuliza.

"Kufunguana ndiyo mwiko. Kufungana ruksa."

Boliti la kwanza. Boliti la pili. Haliumi, lina baridi tu. Namba inatandika mkeka katikati ya mabega yangu na kujinyoosha.

"Hapa pazuri," inasema. "Hamna matope."

Mbele kule pikipiki inasita. Inatua gunia, inarudi mbio, inanizunguka mpaka mgongoni. Inasoma. "Mimi ni wa Mlelwa!" inasema, na kulia kwa honi. Nyasi zinapukutika.

Honi ikaniamsha. Ilikuwa inalia kweli, uani.

"Gaudensi! Namba iko wapi?"

Nilitoka na kaptula, nimejifunika blanketi. Baridi ya Julai ilikuwa imetanda juu ya madumu ya maziwa. Chini ya taa palikuwa na matundu mawili, basi.

"Mimi nimelala tangu jana, shemeji. Ulizia wezi."

"Nyumba hii haina wezi. Ina fundi."

"Haya, nikague!" Nikatupa blanketi, nikainua mikono juu. Akanipekua mifuko yote. Hakupata kitu. Uso wake ukaanza kulegea, na nadhani alikuwa anatafuta maneno ya kuniomba radhi. Nikageuka zangu kurudi kulala, mtu mwenye heshima yake.

Dada Eda alikuwa mlangoni na mwiko wa uji. Akanishika bega.

"Simama hivyohivyo. Baba Shida, hebu njoo," akamwita mumewe. Kisha akaanza kusoma, kidole chake kikifuata herufi zilizochapwa kwenye ngozi ya mgongo wangu: "Em, si, sita, moja..."

Alisoma mpaka mwisho bila kukwama. Shemeji akatazama madumu, akatazama barabara, kisha mgongo wangu, kwa muda mrefu. Nikafumba macho nikingoja kibao.

Hakikuja. Nikasikia pikipiki inawaka.

"Panda nyuma," akasema. "Shati liache."