Ruzuku ya Mashine ya Kukandia Shea

Serikali ikisema inakuja kukutembelea, mtu mwenye akili zake hufagia. Eulalia hakufagia tu, alipitiliza. Tangu jogoo la kwanza aliwakimbiza wanawake ishirini wa kikundi chake cha siagi ya shea, mafuta yatokayo kwenye kokwa za mti wa porini: masufuria yasuguliwe mpaka yang'ae, majivu yazolewe, meko yasiribwe upya. Beseni tatu za rojo la shea, lililosagwa jana likangoja kukandwa, alizificha chumbani kwake na kuzifunika shuka.

"Sasa dada, mkaguzi akitaka kuona kazi?" aliuliza Perpetua, shoga yake tangu usichana, mwanamke asiyeweza kuufunga mdomo hata kanisani.

"Mgeni unampokea na masizi usoni? Wewe ulilelewa wapi? Vaa kitenge chako, nyamaza."

Usimcheke. Maombi ya ruzuku ya biashara za vijijini yalikuwa yamemla miezi saba: fomu, cheti cha usajili, barua ya chifu, safari za wilayani zisizo na idadi. Na walichoomba ni kitu kimoja tu, mashine ya kukandia. Miaka thelathini rojo hilo amelikanda kwa mikono, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa; siku hizi hata kilemba anafungwa na binti yake. Wenzake watatu walishaacha kazi kwa maumivu. Bila mashine kikundi hakifiki mwakani, na alilijua hilo vizuri. Kilichobaki ni ukaguzi.

Mkaguzi aliwasili saa nne na pikipiki yake, bwana mwembamba mwenye miwani na shati lililonyooshwa likanyooka. Vigelegele vikapigwa. Akapewa maji, akapewa pito, pombe ya mtama, kwenye kibuyu, akaletewa kanga wa kuchoma.

"Naitwa Akolgo," alisema akifuta vidole. "Kwetu Bolgatanga."

Lo! Mfrafra! Macho ya Perpetua yakawaka. Wadagaaba, kabila la kina Eulalia, na Wafrafra wa Bolgatanga ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana hata msibani hutukanana, huyu mla mbwa, yule mtumwa, mpaka wafiwa wacheke. Perpetua alishafungua mdomo, Eulalia akamfinya paja.

"Thubutu! Huyu ni serikali," alimnong'oneza.

Akolgo alimaliza kanga wake, akashukuru, akachukua fomu na kuanza kuzunguka. Aliinama mekoni. Alifunua sufuria moja, akajiona uso wake humo.

"Mama, siagi mnatengeneza lini?"

"Kila siku, mheshimiwa."

"Kila siku, na meko hayana hata chembe ya majivu?" Alishusha pumzi. "Mama zangu, mwezi uliopita nimekuta vikundi vinne vya kwenye karatasi. Sare wanazo, vigelegele wanavyo, kazi hakuna. Mimi siwezi kuandika nisichokiona."

Akafunga kalamu, akaelekea kwenye pikipiki. Eulalia alimtazama akienda. Miezi saba, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifagia asubuhi hii kwa ufagio wake! Uchungu ukampanda, na heshima yote ikamtoka.

"Wee Mfrafra! Rudi hapa! Unamaliza kanga wangu halafu unaniita mwongo? Unakimbilia wapi, kwenu wamechemsha kichwa cha mbwa?"

Wanawake wote wakaganda. Perpetua alijishika mdomo, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Akolgo aligeuka taratibu, meno yote nje.

"Kumbe! Toka nimefika najiuliza, Wadagaaba gani hawa wenye adabu? Nikadhani nimepotea njia. Haya, mtumwa wangu, nionyeshe hiyo shea yako."

Beseni zilitoka chumbani mbio, shuka likatupwa kule. Wanawake wakapandisha vitenge, wakapiga magoti. Eulalia akamimina maji, akatumbukiza mikono.

"Ndiyo kazi yenyewe hii? Kukoroga matope?" Akolgo alicheka. "Hata bibi yangu kipofu anaiweza."

"Basi piga magoti, tuone kama Mfrafra ana mikono."

Mwanaume gani angekataa, mbele ya wanawake ishirini? Alivua saa, akakunja mikono ya shati. Mwanzoni alikuwa na maneno mengi. Rojo lilipoanza kuwa zito, maneno yakapungua.

"Zungusha! Usilibembeleze, si mchumba wako!" Perpetua alimkaripia.

"Bado tu?"

"Bado. Ukiacha sasa, imeharibika yote."

Miwani ilimteleza mpaka puani, na hakuwa na mkono wa kuirudisha. Baada ya karibu saa nzima rojo la kahawia likaanza kupauka, kisha siagi ikapanda juu, nyeupe pee. Wanawake walimshangilia kama bwana harusi. Eulalia alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Akolgo alikaa chini, akavuta fomu.

"Swali la mwisho. Kwa nini kikundi kinahitaji mashine?"

Alishika kalamu, ikamponyoka. Akaiokota; vidole vilikuwa vinatetemeka, ikaanguka tena. Hakuna aliyemcheka.

"Mama, hii kazi umeifanya muda gani?"

"Miaka thelathini."

Aliiangalia mikono yake, kisha akaliangalia bega la Eulalia. Utani ulikuwa umemwisha. Akamsogezea fomu.

"Andika wewe. Andika kwamba mkaguzi amejaribu."

Eulalia akaandika hivyo hivyo. Kisha Akolgo akainama, na chini ya ukurasa, penye nafasi ya sahihi palipochapwa WAPEWE, akagandamiza dole gumba lake lililojaa mafuta.