Wale wa Mkekani Bumula

Juma lile Mwalimu Kizito, anayefundisha masomo ya watu wazima jioni kule Tuwan, mtaa wa Kitale, aliwaeleza wanafunzi wake jinsi watu wanavyohesabu duniani. Akasema kuna watu Marekani wanaoitwa Wachippewa, ambao wakifika tano ni kama wamemaliza mkono mmoja wakaanza mwingine: ndani ya sita yao kuna moja, ndani ya saba kuna mbili, ndani ya nane kuna tatu. Bilha alikuwa amekaa nyuma akimnyonyesha Rosaline. Alishika vidole vya mtoto chini ya leso akajaribu, na kweli, kile kidole gumba cha mkono wa pili kikawa moja tena. Akacheka peke yake.

"Sasa kila mtu aende kwa mzee mmoja," mwalimu akasema, "aniletee hesabu ya huko, na mifano ya nyumbani."

Bilha alikuwa na mzee wake tayari. Jumamosi alikuwa anaenda Bumula kwa mara ya kwanza, kwa Mama Nasike, aliyemzaa mume wake Mukhisa. Bilha na Mukhisa walikuwa wameanza maisha Kitale kabla wazazi hawajakutana, na mama mkwe alikuwa amepiga simu mara moja tu. "Mukhisa, niletee mtoto nimuone." Bilha alikuwa kando ya simu. Alingoja asikie "na mama yake." Simu ikakatwa.

Basi akaoga, akavaa ile nguo ya kanisani, akatia daftari kwenye mkoba wa nepi, wakaondoka na Mukhisa.

Mama Nasike aliwapokea vizuri. Yaani, alimpokea Rosaline vizuri. Alimbeba, akamgeuza huku na huku, akamnusa shingo. "Kalibu, kalibu nyumbani, mama yangu mdogo! Ona hii paji, ni ya kwetu kabisa!" Bilha akapewa mkono na kiti.

Alikaa akitafuta la kusema. Uani wajukuu walikuwa mkekani wakipukuchua mahindi, na Jentrix, dada yake Mukhisa, alikuwa akipepeta. Hapo Bilha akakumbuka daftari. Si mama mkwe angefurahi kuona mke wa mtoto wake anasoma? Akatoa kalamu, akainyoosha kuelekea mkekani, akaanza kwa sauti:

"Moja, mbili, ta..."

Kiganja cha Mama Nasike kikafunika ile kalamu.

"Wacha! Unahesabu watoto kama debe za mahindi? Nani amekutuma?"

Jentrix akaweka ungo chini. "Ai, shemeji! Mtu hahesabiwi bana. Unamwitia mabaya. Kwani kwenu Wakikuyu mnahesabu watu?"

Bilha akakumbuka nyanya yake, ambaye akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anajibu habari ya mvua. Hakuwahi kujua kwa nini. Amekuja kuonwa, sasa ameonwa.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Nyanya yangu pia alikataa, ni mimi sikuuliza. Ni kazi ya shule." Akaona heri amalizie. "Lakini jioni wakirudi kutoka mtoni, unajuaje kama wote wamefika?"

Mama Nasike akamhamishia Rosaline bega la pili. "Hiyo ndio swali," akasema. "Ngoja chakura."

Kisha, kama anayemjaribu, akauliza, "Kwenu nane ni nini?"

"Inyanya. Ni kama inya na inya, nne mara mbili."

"Aa! Mnaweka mbili mbili kama chuchu za ng'ombe!" Mama Nasike akacheka hadi Rosaline akashtuka. "Jentrix, sikia hawa!"

Sufuria ya viazi vitamu ikateremshwa. Mama Nasike akachukua kiazi kimoja kimoja, na kila alipoweka kimoja kwenye sinia akaita jina, taratibu, kama anagusa kichwa cha mtu. "Sellah. Hillary. Mary Ann." Hakusema ni wangapi. Aliyeitwa akaja kuchukua chake. "Jentrix. Mukhisa." Kwa Rosaline akaweka kipande kidogo, chenye ukubwa wa kidole. Bilha alikuwa ametazama chini, akijifanya anakunja leso. Sufuriani vilibaki viazi vichache, na mkono wa mzee ulikuwa umesimama.

"Bilha," Mama Nasike akaita. "Si uko hapa? Kuja uchukue, kinapoa."

Ni kiazi tu. Lakini Bilha alikipokea kwa mikono miwili, na kikamchoma, na hakukiachilia.

"Sasa andika," mzee akamwambia. "Andika hao niliita. Na mwalimu akiuliza ni wangapi, mwambie wametosha."

Jumatatu jioni Bilha alisimama mbele ya darasa, Rosaline mgongoni, akasoma majina yote kutoka juu hadi chini, na la mwisho likiwa lake.

"Vizuri sana," Mwalimu Kizito akasema, chaki mkononi. "Jumla ni ngapi?"

Bilha akafunga daftari akitabasamu.

"Wametosha, mwalimu."