Kikombe Chenye Ukali

...na ukoroge mpaka usione hata punje, ndivyo alivyosema huyo Nyawira wa utafiti wa dawa siku ya kwanza, mimi niliyekoroga uji miaka sitini nifundishwe kukoroga, na sasa ameketi hapo nje kwa kigoda changu, faili magotini, namsikia kupitia mabati ya jikoni, shosho ako poa? ako ndani, anasema mjukuu wangu, anachanganya ile ya leo, na kijiko kinazunguka, mkono unazunguka, na kwa kikombe hakuna kitu cha Nyawira hata chembe, ni unga wa ubuyu na maji, miezi mitatu sasa, kila asubuhi nafungua pakiti ya dawa kwa makasi, unga wake namwaga kwa ule mkebe wa mafuta ya kupikia nyuma ya kuni, ganda tupu naweka kwa bahasha wakuje wahesabu, na mjukuu wangu anakunywa ubuyu anasema asante susu, ndivyo sisi Wakamba huita nyanya... na nilifanya vizuri, nani angefanya tofauti? dawa ya kuku ina picha ya kuku, dawa ya ng'ombe ina picha ya ng'ombe, hii ya mtoto wangu ina namba tu, arobaini na saba, kama mfungwa, na yeye ana jina, ni Wayua, jina langu, binti wa kwanza wa mwanangu Mwau, mtu akiita Wayua hapa Mutomo tunaitika wawili, kwa hivyo wakimharibu yeye wameniharibu na mimi... hedhi yake inaweza kukaa miezi minne haijaja, kidevuni nywele zinaota, ananyoa akidhani sioni, na mumewe Musyimi anamngoja kule Matiliku amalize hii dawa, lakini mama ya Musyimi hangoji, ameshasema mvua ya Novemba ikinyesha bila habari ya mtoto atamtafutia mwanawe mwingine... shosho, ni hivi, alisema Nyawira, mayai ni mengi lakini hayakomai, ni kama ganda la mbaazi lenye punje ndogondogo, hii si dawa kali, ni kitu cha kuongezea mwili kila siku, tunajaribu tuone kama inasaidia, tunajaribu! unajaribu viatu, unajaribu jembe, unamjaribu mtoto wa watu? iko nini ndani, nikamuuliza, akasema wengine wamepewa yenyewe na wengine wamepewa ya kufanana nayo tu, hata mimi shosho sijui nani ana gani, inajulikana na kompyuta huko Nairobi, akacheka na meno yote, mtu anamtilia mwenzake kitu mdomoni na hakijui, na anacheka, basi onja wewe, nikamwambia, kwetu anayepeana ndiye huanza, mama yangu Kalondu hakuwahi kumpa mgeni uji kwa nzele, ile kata ya kibuyu, bila kupiga funda moja mbele ya macho yake, hata mgeni awe mchungaji, ndio ajue hakuna mkono mbaya umepita hapo, na Nyawira akasema pole shosho, siruhusiwi, kila pakiti ina mwenyewe... hakuonja, hapo nikajua, hapo nikamwona Ndululu, dada yangu, mwaka ule wa njaa ya mahindi ya manjano, alikuwa amejifungua Kitheka juzi tu, wakaja watu na gari, wakamdunga sindano, akauliza ya nini, mmoja akamwambia ni ya nguvu mama, ya nguvu, na hakuzaa tena, na mpaka siku ya mwisho, amelala, ngozi imebaki na mifupa, alikuwa akinishika mkono, Wayua, kwani waliniwekea nini? si uchungu wa kutozaa aliokufa nao, alikufa na hilo swali, waliniwekea nini... na ladha yake unaionaje, anauliza Nyawira huko nje, utamu haukusumbui? utamu? mtoto anacheka, utamu uko wapi, ni ukali mpaka meno yanasisimka, kama ubuyu... kijiko kimesimama, zunguka wewe, zunguka... Wayua, pakiti zote ni tamu, anasema Nyawira, yenyewe na ile ingine, zimetengenezwa zifanane, nani huchanganya, ni wewe? ni susu, lakini usimfikirie susu, yule hata chumvi hupima mara mbili, ni mdomo wangu, pengine mwili wangu umeharibika mpaka kitu tamu unakigeuza, si umesema wengine hedhi imerudi? mbona mimi hapana? niandike tu nimeacha, Nyawira, nirudi Matiliku nikawaambie wamlete huyo mwingine... sauti yake imekuwa nyembamba, ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka sita akivunja kitu... ngoja kwanza, usiache, shosho alete hiyo ya leo tuione... na mkebe uko hapa, nyuma ya kuni, naweza, nimwage ubuyu jivuni, nichote kijiko kimoja cha ule unga, nipeleke kikombe kitamu, Wayua ataonja, atasema kumbe ni tamu, Nyawira ataandika msichana ana shida ya mdomo, na mimi nitabaki susu asiyekosea, nimefungua kifuniko, sisimizi, wamepanga laini kutoka ukutani, wanabeba, hakuna hata mmoja amekufa, miezi mitatu wanakula dawa ya mtoto wangu... nimelamba kidole, tamu kidogo, tamu ya mahindi mabichi, ya Nyawira nimeonja, na yangu? kikombe hiki nimempa Wayua kila asubuhi na sijapiga funda mbele yake hata siku moja, mimi binti ya Kalondu, kwa nini, si ubuyu tu, si nautwanga mwenyewe, kwa nini sikuonja mbele ya macho yake? kwa sababu mkono ulijua... Nyawira hajui alichompa lakini alisema hajui, alisema wazi, Wayua akasikia, akaweka sahihi, mimi nilijua na nikanyamaza, kunywa mama, ni ya nguvu, ndivyo humwambia kila asubuhi, kunywa, ni ya nguvu... hiyo ni sauti ya nani? ni ya yule wa gari, na inatoka kooni mwangu... bado simwamini huyu msichana wa faili, wala hiyo kompyuta ya Nairobi, pengine ni unga mtupu, pengine namba arobaini na saba haina kitu, lakini mtoto anasema mwili wake ndio umeharibika, na mimi najua kilichoharibika... susu? anaita, susu, unakuja? kijiko bado kinazunguka, kikombe mkono huu, mkebe na sisimizi wake kwapani, nakuja, Wayua, nakuja, na nikifika nitapiga funda moja kwanza, mbele ya macho yako, halafu nikuambie nilikuwekea nini.