Slaimu ya Mwalimu Smaranda

Somo hilo Mwalimu Smaranda alikuwa amelifanyia mazoezi mara nne, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Walimu wote wa Romania wanajua: mkaguzi akitangazwa, somo hurudiwa na watoto mpaka paka wa shule naye anaweza kulijibu. Smaranda alikuwa na watoto tisa, wa darasa la kwanza hadi la nne, wote chumba kimoja, katika kijiji ambacho hata basi hukisahau. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mwalimu wa kuziba pengo, kila Septemba akisubiri kuambiwa kama ana kazi au hana. Leo akipata alama nane kwa kumi, nafasi ni yake moja kwa moja. Akipata saba, afungashe.

Somo lenyewe lilikuwa kutengeneza slaimu, ule ute wa kuchezea unaovutika. Kwenye karatasi lilipendeza kweli kweli: kupima gundi ni hesabu, gundi kugeuka ute ni sayansi, kuueleza ni lugha, kuutia rangi ni sanaa. Dakika hamsini, masomo manne, bakuli moja.

Mkaguzi, Bwana Leontin Hodorog, aliingia na skafu shingoni, Juni, joto la tanuri.

“Nani kafungua madirisha?” aliuliza kabla hata ya salamu. “Na mlango pia? Mnataka upepo unipite shingoni? Shangazi yangu alipinda mdomo kwa upepo wa namna hii hii!”

Hakuna aliyebisha. Hata Smaranda, jasho likimtiririka mgongoni, alikuwa muumini wa upepo huo, kwamba ukipita kati ya dirisha na mlango huleta ugonjwa; ndivyo alivyolelewa. Watoto wakakimbilia kufunga madirisha. Bwana Hodorog mwenyewe akalisogeza kwa kiatu tofali lililozuia mlango, akaubamiza.

Darasa zima likaukodolea macho mlango.

Tangu Januari mlango huo haukuwa na mkono wa kitasa upande wa ndani. Lilibaki tundu la mraba tu. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlinzi, mzee Toader, alikuwa bondeni akipalilia mahindi yake. Hurudi saa sita. Lakini palikuwa na kijiko. Mpini wake ukiuchomeka tunduni kimshazari na kuuzungusha, mlango unafunguka. Smaranda alifanya hivyo kila upepo ulipoubamiza, mbele ya watoto wote.

“Mlango hauna mkono kwa ndani, Bwana Mkaguzi,” alisema.

“Ya mlango baadaye. Anza.”

Akaanza. Dukani gundi ilikuwa imebaki chupa moja badala ya mbili, kwa hiyo aliiongeza maji huku akijipa moyo. Akamimina boraksi iliyoyeyushwa, ile dawa ya kugandisha gundi, na Ieremia wa darasa la nne akakoroga kwa kijiko kile kile. Akakoroga tena. Kilichokuwa bakulini kilifanana na maziwa yaliyoharibika.

“Watoto, mnaona nini?” Smaranda aliuliza.

Wakajibu kwa pamoja, kama walivyofundishwa: “Tunaona ute mzito, Mwalimu! Unavutika kama jibini la moto!”

“Na tukiuvuta kwa haraka?”

“Unakatika!”

Ieremia, mtoto mtiifu, akainua kijiko ili kuonyesha. Maji meupe yakachuruzika juu ya kiatu cha mkaguzi.

Bwana Hodorog akafunika kalamu yake. “Mwalimu Smaranda, nimeona ya kutosha. Nifungulie niende.”

Smaranda alikitazama kijiko. Akikichukua sasa, ni alama tano, na Septemba nyumbani.

“Mpaka mlinzi arudi, Bwana Mkaguzi. Saa sita.”

“Saa sita! Saa nzima na nusu humu?”

Zamfira, wa miaka saba, akanyoosha mkono. “Mwalimu, si kuna ki—”

“Nyamaza we, kasuku!” Dada yake Sânziana alimkanyaga mguu.

Smaranda alihisi masikio yakiwaka. Sasa alikuwa amefungiwa mara mbili: na mlango, na watoto tisa wanaojua. Na karatasi ya somo ilikuwa imekwisha.

“Haya,” alisema. “Hii si slaimu. Ni nini?”

Swali hilo hawakulifanyia mazoezi.

“Ni supu, Mwalimu,” Ieremia alisema mwishowe, na wote wakaangua kicheko.

“Kwa nini imekuwa supu?”

“Leo gundi ni vijiko vitano, maji kumi na viwili,” alisema Sânziana. “Mazoezini vilikuwa sawa kwa sawa. Nimehesabu.”

“Mbona hukusema?”

“Haikuwa zamu yangu kusema.”

Jibu hilo lilimchoma Smaranda kuliko joto.

“Basi leo zamu imefutwa. Tumepungukiwa na ngapi?”

“Saba!” Wakapekua madawati, wakatoa vichupa vya gundi ya kazi za mikono, wakavikamua hadi tone la mwisho. Saba kamili. Ieremia akakoroga, na safari hii bakuli likaanza kumpinga.

“Kinanata!”

“Hakinati, kinang'ang'ania tu, kama bibi akikuaga kituoni.”

“Liandike hilo,” Smaranda alisema upesi.

Bwana Hodorog alikuwa amevua skafu, uso mwekundu kama nyanya. “Fungueni dirisha moja,” alinong'ona. “Mlango si umefungwa, upepo hauna pa kupita.” Kisha akasogea, akavuta kipande. “Niambieni, hiki ni kigumu au kimiminika?”

“Kigumu, kinadunda!”

“Kimiminika, we mbuzi! Kiweke kikombeni ungoje, kitalala chote!”

Wakakiweka, wakangoja, wakahesabu dakika kwa saa ya mkaguzi. Kalamu ilikuwa imefunuliwa tena.

“Mwalimu,” Zamfira alisema kwa upole, “sasa tumfungulie?”

Bwana Hodorog akageuka. “Kwa nini?”

“Kwa kijiko.”

Smaranda akakifuta kijiko kwa aproni, akachomeka mpini, akazungusha. Mlango ukafunguka.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu Januari.”

“Kwa hiyo umenifungia.”

“Ulijifungia mwenyewe, Bwana Mkaguzi. Mimi nimechelewa tu kukutoa.”

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, akiwa amesimama kizingitini. “Nane. Ungenifungulia nilipoomba, ningekupa tano. Kwa kutonifungulia nimepunguza moja. Tia sahihi.”

Akatia sahihi. Miaka ishirini na sita hadi kustaafu, chumba hiki hiki, nondo hizi hizi. Smaranda alicheka mpaka machozi yakamtoka, bila kujua ni ya nini hasa, kisha akarudi kuukata ute vipande tisa sawasawa kabla watoto hawajatoana macho.